Jino Lililong'olewa kwa Jina Lako

Buxton, Mombasa
Jumapili, baada ya ibada

Kwa Mama yangu mpendwa, Mwalimu Everlyne,

Pokea salamu zangu nyingi, na za Wanza, na za mjukuu wako ambaye kwa sasa husalimia watu kwa kulia tu, hata wale waliomjia na zawadi. Ni matumaini yangu kwamba barua hii itakukuta u mzima, goti limetulia, na yule ng'ombe mwenye kiburi amekubali kukamuliwa. Sisi huku hatujambo. Wanza anaendelea kupata nafuu, mtoto ananenepa, mimi naenda kazini na kanisani kama kawaida. Wote tu wazima kabisa, isipokuwa kwamba mmoja wetu amepungukiwa na jino, na jino hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Utajiuliza kwa nini naandika wakati juzi tu tulizungumza kwa simu. Mama, wewe simu huiweka mezani ukaifungulia sauti, na kila jirani aliyekuja kuomba chumvi hunisalimia na kuniuliza joto la Mombasa likoje. Jambo hili si la kusikizwa na waomba chumvi. Tena wewe mwenyewe, miaka yote uliyofundisha Kiswahili, ulituambia kwamba jambo zito huandikwa. Nakuomba tu usiisome ukiwa na kalamu nyekundu mkononi. Ile barua niliyokuandikia kukuarifu kwamba nimepata mchumba uliirudisha na masahihisho pambizoni, na chini yake umeandika "Jitahidi zaidi", na mpaka leo sijui ulikuwa unasema juu ya sarufi au juu ya mchumba.

Kama ujuavyo, Wanza alijifungua kwa upasuaji, na daktari akamkataza kuinua kitu chochote kizito kuliko mtoto. Kwa hiyo Mama Wanza akaja kutusaidia. Tulikualika na wewe, ukasema goti. Sikuuliza zaidi, ingawa nilisikia kwamba goti hilo hilo lilicheza ngoma harusini Kibwezi wiki ile ile. Najua kilichokuzuia si goti. Ni maneno ya siku ya harusi yetu, pale Mama Wanza aliposimama mbele ya wageni, mkono shavuni, akatangaza kwamba amevunjika gego kwa jiwe lililokuwa ndani ya muthokoi wako, mahindi na maharagwe uliyoyachambua kwa mikono yako mwenyewe kutwa nzima. Nawe ukamjibu, mbele ya wageni wale wale, kwamba jino hilo alikuja nalo likiwa limeoza tangu kwao. Tangu siku hiyo hamjasemezana, na mimi na Wanza tumebaki katikati.

Sasa fikiria nyumba ya vyumba viwili, na ndani yake mimi, na ndani yake yeye. Wewe ndiwe uliyenifunza nthoni yetu sisi Wakamba: kwamba mwanamume hamtazami mama mkwe wake usoni, hampi mkono, hali mbele yake wala hamtazami akila, na jina lake halitaji hata akiulizwa na askari. Nimeishika nthoni hiyo kuliko vijana wote wa rika langu, na kanisani, kwa kuwa mimi ni shemasi, nimewahubiria wengine juu yake kwa kiburi. Tulitundika leso katikati ya sebule. Yeye upande wa jikoni, mimi upande wa mlango. Kabla sijaingia popote nakohoa ili apate kujisitiri, naye akitaka kupita hugonga sufuria. Nilikohoa sana hata jirani yetu Beryl, mtu mwema kabisa, akaniletea tangawizi, kisha akamnong'oneza Wanza kwamba nipelekwe kupimwa kifua.

Basi jino likaamka. Kwanza alinyamaza nalo. Akatia karafuu, akasukutua kwa maji ya chumvi, akajifunga kitambaa kichwani. Kisha shavu likavimba, likaendelea kuvimba mpaka jicho la upande ule likaanza kufumba, na homa ikaja. Hakula. Mimi nilikuwa namsikia tu nyuma ya leso akimbembeleza mtoto huku yeye mwenyewe akigumia. Wanza akalia kwamba atampoteza mama yake kwa sababu ya jino. Mwishowe Mama Wanza akakubali kwenda kung'oa, ila kwa sharti alilolisema kwa sauti ili nilisikie nilipo: ampeleke Beryl, na mimi nikae mbali. Siku mimi, Bonface, nitakapoona ndani ya kinywa chake, alisema, siku hiyo hiyo atafunga mkoba apande basi la nyumbani. Na akienda yeye, Mama, hapana wa kumwogesha mtoto wala wa kumwinua Wanza kitandani, maana ofisi yangu ya bandarini haikunipa ruhusa zaidi ya siku moja. Hilo ndilo nililokuwa nalo shingoni. Jino litoke, lakini mama mkwe abaki.

Beryl ndiye aliyetutafutia daktari. Ni kliniki ya familia moja ya Kibokoni. Ghorofani wanaishi, chini wanatibu meno. Daktari Fahmi hung'oa, na mama yake, Bi Aida, hupokea wagonjwa, huwashika vichwa, na huamua mambo yote yaliyosalia. Beryl alisema pale mtu hung'olewa jino akarudi akicheka. Tukaweka miadi. Asubuhi ya siku yenyewe, mimi nikiwa nimejiandaa kubaki na mtoto, Beryl akaitwa ghafla hotelini anakofanya kazi, mwenzake kaugua. Wanza akanitazama. Mimi nikatazama leso.

Tulikwenda kwa tuktuk mbili. Usicheke. Ningefanyaje? Tuktuk ina kiti kimoja cha nyuma, na mimi na mama mkwe kwenye kiti kimoja ni habari ambayo ingefika Makueni kabla sisi hatujafika Kibokoni. Nikampakia kwenye ya kwanza, yaani nilimwelekeza dereva huku nimegeuka natazama ukuta, kisha nikapanda ya pili nikamwambia dereva aifuate ile ya mbele asiipoteze. Yule dereva alinitazama kwenye kioo kwa huruma. Tulipofika Bondeni magari yakatutenga, nikawa nampigia kelele akaze mwendo, naye akaniuliza kwa upole kama yule mama wa mbele amenikimbia nyumbani. Nikamwambia ni mama mkwe wangu. Akapunguza mwendo kabisa, akasema basi tumwache aende.

Tulishukia mwanzo wa Kibokoni, tukaingia kwa miguu. Vichochoro vya kule havijui nthoni. Watu wawili wakitembea lazima wafuatane, na ukitaka kumpisha mtu huna budi kuingia mlangoni mwa mtu mwingine. Nikatangulia, nikawa namwongoza kwa kukohoa: mara moja tukipinda kushoto, mara mbili tukipinda kulia. Wazee waliokuwa barazani na vikombe vyao vya kahawa walinipa pole kila nilipopita, na mmoja akanishika mkono akataka twende kwake akanipe asali. Nyuma yangu akaja Mama Wanza, shavu ndani ya leso, naye akapewa pole yake. Nadhani walituona ni familia yenye maradhi mengi.

Kliniki ilinukia karafuu na, kutoka ghorofani, pilau. Bi Aida alitupokea kwa salamu ndefu, akauliza hali zetu, za nyumbani, za watoto, za njiani, na kila nilipodhani zimekwisha zikaanza nyingine. Mama Wanza akaenda kukaa benchi la mwisho, uso ukutani. Mimi nikasimama kizingitini, mguu mmoja ndani, mmoja nje. Bi Aida halikumpendeza hilo. "Mwanangu," akaniuliza, "mbona wasimama nde na mgonjwa yu ndani?" Nikasema napunga upepo. Ndipo akaniuliza jina la mgonjwa.

Mama, hapo ndipo nilipoangukia. Jina la mama mkwe wangu nalijua, lakini ulimi wangu ulikuwa haujawahi kulibeba. Nikasema anaitwa Mama Wanza. Akasema hilo ni la mtaani, yeye ataka la kitambulisho. Nikasema kitambulisho anacho mwenyewe. Bi Aida akamwomba, na Mama Wanza hakutikisika, na sababu yake naijua: kitambulisho amekifunga kwenye pindo la kitambaa kifuani, na hawezi kutia mkono kifuani nami nimesimama pale. Kusema naye hakuweza, kinywa kimevimba, na hata kingekuwa kizima asingesema mbele yangu. Nikampigia Wanza simu, haikushikwa. Wagonjwa wengine wakaanza kunitazama. Bi Aida akainua miwani, akauliza kwa mshangao kama kweli kijana mzima aliyevaa koti amelisahau jina la mamake mzazi. Na mimi, kwa aibu, na kwa kutaka tu yale macho yaniondokee, nikasema hapana, sijalisahau, ni mama yangu na jina lake ni Everlyne.

Ni wewe niliyekutaja, Mama. Ndilo jina pekee la mwanamke wa umri ule lililokuwa karibu na ulimi wangu.

Uongo huo haukukubali kukaa peke yake. Bi Aida akauliza kama mama yangu ana presha. Nikasema anayo, humeza kidonge kila asubuhi. Kuna dawa inayomdhuru? Penisilini humtoa vipele. Maradhi mengine? Goti. Nilijibu haraka haraka na kwa usahihi kabisa, ila nilikuwa nakueleza wewe. Bi Aida akafurahi, akaniambia sasa amejua kwamba nampenda mamangu, mwanzo alidhani namwonea haya.

Wakamwingiza ndani. Kutoka nilipo nikamsikia Daktari Fahmi, kijana mpole, akimwambia karibu Mama Everlyne, usiogope Mama Everlyne, hebu nikuone Mama Everlyne. Kila alipolitaja jina hilo kiti kilitoa mlio. Akampima presha, ikawa juu. Akangoja, akazungumza naye taratibu, tena kwa jina, akampima upya, imepanda zaidi. Akatoka kuniambia kwamba mama yangu ameingiwa na hofu kubwa na kwa presha ile hawezi kumdunga sindano ya ganzi. Labda nikiingia nikamshika mkono atatulia. Bi Aida akanisukuma mgongoni kwa kiganja. "Ndoo umshike mkono mamako, wewe!"

Niliingia nikitazama feni. Nikasimama kando ya kiti, nimefumbata mikono, nikawa nahesabu panga za feni ili nisione chochote. Presha ikapanda. Daktari Fahmi akakuna kichwa, akasema leo haiwezekani. Atampa vidonge, twende nyumbani tujaribu siku nyingine, na homa ikizidi tumkimbize hospitali kubwa, kwa sababu uvimbe wa namna ile ukishuka shingoni huziba pumzi. Jino lingebaki, na yeye pengine asibaki, si kwangu tu bali popote.

Hapo Mama Wanza akasema. Alisema kwa nusu ya kinywa, kwa Kikamba, akielekeza maneno kwa daktari kana kwamba mimi ni bomba tu la kuyapitisha. Aambiwe huyu mtoto kwamba yeye si Everlyne. Everlyne amekwisha kumchukua mjukuu, maana mtoto amepewa jina lake kama desturi inavyotaka, na yeye hakusema neno. Sasa anataka na jino?

Daktari akaniuliza mama amesema nini. Nikasema anashukuru, anasema mnampokea vizuri.

Nyuma yangu nikasikia kicheko. Mama, Bi Aida alilelewa Bondeni katika ua mmoja na wapangaji Wakamba, na Kikamba anakijua kunishinda mimi. Alicheka mpaka akashika mlango, akajitupa kwenye kigoda cha daktari, akajifuta macho kwa ncha ya mtandio, kisha akamweleza mwanawe yote. Nilidhani yeye ndiye atakayenikemea, kumbe aliyekasirika ni yule kijana mpole. Aliniambia kwamba jina la uongo ni jambo la kucheka, lakini presha ya uongo na dawa za uongo huua mtu kitini, na kwamba alikwisha kuweka kando dawa moja na kuandaa nyingine kwa ajili ya vipele vya mtu aliyeko Makueni. Nilijiona mdogo sana, na ule ushemasi wangu sikujua umekimbilia wapi.

Bi Aida akamgeukia Mama Wanza, akamwuliza kwa Kikamba jina lake ni nani. Mama Wanza akakataa kulisema. Akasema jina lake limetupwa, na aliyelitupa ndiye atakayeliokota. Kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake alinitazama usoni, kwa lile jicho lililobaki wazi, na mimi nikamtazama. Nikasema, Syombua. Sauti ilitoka nyembamba hata mwenyewe nikaionea haya. Akataka nirudie. Nikarudia vizuri. Daktari akapima presha, ikawa imeshuka, akasema kumbe mama huyu hakuwa na hofu hata chembe, alikuwa na hasira. Bi Aida akayauliza maswali yote upya, safari hii akimwuliza mwenye mwili wake, na sindano ikachomwa.

Nikageuka nitoke, nimwachie heshima yake. Koti halikutoka nami. Nilipoangalia, mkono wa Mama Wanza ulikuwa umeshika pindo lake, vidole vimekaza. Bi Aida akanionyesha kwa macho kwamba nibaki. Basi nikabaki, na yote tuliyokuwa tumeyaficha kwa leso na kwa kikohozi nikayaona chini ya taa kali ya daktari: ulimi, kaakaa, mapengo, na gego lenyewe, jeusi. Lilikuwa na mizizi mikaidi. Daktari alivuta kwa koleo, akazungusha, akapumzika, akavuta tena, na Bi Aida ameshika kichwa akisoma dua kwa sauti ya chini. Mama Wanza hakutoa sauti. Aliyepiga ukelele ni mimi, kwa kuwa alikuwa ameliacha koti akashika vidole vyangu. Wale wazee wa barazani walikuja mpaka mlangoni kuuliza kama yule mwenye kifua amezidiwa.

Jino likatoka. Sasa sikiliza hili, maana najua umekuwa ukilitafuta tangu ukurasa wa kwanza. Mama Wanza, pamba kinywani, alimwagiza Bi Aida amwulize daktari kama si jiwe la muthokoi lililolivunja jino lile. Daktari Fahmi akalishika penye mwanga, akaligeuza, akasema hapana, jino hili liliozea ndani kwa miaka mingi, na hilo jiwe, kama lilikuwepo, lilikuta kazi imekwisha kufanyika. Bi Aida akatafsiri. Mama Wanza akafikiri kidogo. Kisha akasema daktari ni mtoto mzuri ila bado hajamaliza masomo. Kwa hiyo, Mama, umeshinda kwa ushahidi wa daktari, lakini usitarajie kukubaliwa.

Tulirudi kwa tuktuk moja. Aliingia, akapiga kiti kwa kiganja kando yake, nikakaa. Tulipofika nyumbani akapita moja kwa moja nyuma ya leso, na nikasikia zipu ya mkoba. Wanza akanitazama. Nikamnong'oneza kwamba nimeona kinywa, nimeona chote, akaanza kulia polepole, na mtoto naye akaungana naye. Nilisimama pale katikati ya sebule nisijue nimfuate nani. Kisha leso ikatikisika, ikashuka yote pamoja na misumari yake. Mama Wanza alikuwa ameing'oa. Akamchukua mtoto, akamweka mgongoni, akamfunga kwa leso ile ile, akamwambia Wanza, kwa kuwa mimi bado hasemi nami waziwazi, kwamba mwanamume aliyekwisha kuona koo lake hana tena cha kufichwa, na kwamba mkobani alikuwa anatafuta nguo safi tu, kwani watu wa nyumba hii wana nini leo. Anabaki, Mama. Mbuzi wa kuondoa nthoni anasema nitamtoa nikija nyumbani, na awe mbuzi mchanga, kwa kuwa sasa itabidi amtafune upande mmoja. Mimi nimeachishwa kukohoa, na Beryl anajisifu kwamba ni tangawizi yake.

Ana neno moja kwako, na amenisimamia hapa mpaka niliandike. Anasema amevumilia kuitwa Everlyne asubuhi nzima, kwa hiyo ni haki na wewe uje umpokee zamu ya nepi. Uje na mahindi yako na maharagwe yako, uyachambue mbele yake, upike, naye atatafuna tuone. Nimemwuliza Wanza maana yake ni nini. Wanza anasema huo ndio msamaha, na kwamba kwa mama yake haujawahi kutoka kwa sura nyingine.

Sasa ameondoka, yuko jikoni, na mimi nimebaki na lile lililonifanya niandike badala ya kupiga simu. Kuna mahali nilipapita haraka pale juu kwa woga. Jino lilipotoka, kabla hajatiwa pamba, Mama Wanza alianza kutetemeka. Hayakuwa maumivu, ganzi ilikuwa bado. Alitetemeka kwa kuwa amevumilia muda mrefu na sasa yamekwisha, na machozi yakamtoka kwenye lile jicho lililofumba. Nikamwona alivyo: mwanamke mzima, mbali na kwake, aliyembeba mtoto wangu na homa inamchoma, akiogopa hata kugumia kwa sauti asije akatuvunjia heshima. Nikainama nikamwambia, "Mwaitu, yamekwisha." Neno hilo letu la kumwita mama mzazi, tangu nijue kusema, nimekuita wewe peke yako. Bi Aida alilisikia, na hilo hakulicheka.

Nimelifikiria tangu siku hiyo. Nilipomwambia Bi Aida kwamba huyu ni mama yangu, nilikuwa nadanganya ili nijiokoe na aibu. Nilipomwita mwaitu sikuwa nadanganya, wala hakuna aliyekuwa ameniuliza. Niliogopa utalisikia kwa mtu mwingine ukaumia, ukadhani nimekuweka kando. Sijakuweka kando. Lilinitoka kwa moyo na siwezi kulirudisha, na nisingependa kulirudisha. Nina haya kukuandikia haya na pia nina furaha, na vyote viwili nakuletea wewe, kwa sababu tangu utotoni sijajua pengine pa kuvipeleka.

Nisalimie wote hapo nyumbani, pamoja na waomba chumvi, ila barua usiwasomee. Wanza anakuamkia. Bi Aida anakusalimu sana na anasema ukifika Mombasa upite Kibokoni akuone, maana magonjwa yako yote anayajua na uso wako haujui. Mungu akutunze, na goti alipe amani ya kutosha kupanda treni ya Jumamosi. Beryl atakaa na Wanza. Mimi nitakuja kukupokea stesheni ya Miritini, na Mama Wanza amesema lazima aje nami, hataki kusikia lingine. Watu huwa wengi sana pale treni ikiingia, kwa hiyo itabidi niite kwa sauti. Nikiita mwaitu, nakuomba, geuka wewe kwanza.

Ni mimi mwanao nikupendaye,
Bonface